Jina Kwanza, Picha Baadaye

Mazungumzo kwa vijana wapiga picha, wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa kokwet, Ndanai, Wadi ya Ndanai/Abosi

 

Mada ya leo ni namna ya kumpiga picha mtu asiye na makao, na namna ya kumsikiliza. Picha za watu hawa zimezoeleka. Huonekana kwenye ubao wa matangazo, kwenye majarida ya serikali, kwenye Facebook na katika makundi ya WhatsApp. Mama amesimama mbele ya kibanda cha nailoni. Mtoto hana viatu. Mzee anapokea blanketi huku maafisa watano wakitabasamu nyuma yake. Wanaozipiga huwa na nia njema, na mara nyingine picha hizo huleta msaada. Hata hivyo, mara nyingi msomaji akimaliza kuitazama picha hajui mtu huyo anaitwa nani, alikuwa akiishi wapi, wala ni kitu gani hasa kingemrudisha chini ya paa. Pengine hata aliyepiga picha hajui.

Nani asiye na makao huku?

Anayewatafuta watu wasio na makao kwa kufuata picha za Nairobi atafika Ndanai na kusema hawapo. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini kote, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Hao ni watu wanaoonekana, wanaolala kwenye vibaraza, chini ya madaraja na kando ya majaa. Katika kaunti za Kericho na Bomet mambo hujificha.

Yuko mchumaji wa majani chai aliyeishi miaka mingi katika nyumba ya kampuni. Nyumba ile ilikuja na kazi. Kazi ilipokwisha, kwa kustaafu, kwa ugonjwa, au kwa sababu mashine za kuchuma zimeingia shambani, nyumba nayo ilikwenda. Kama hakuwahi kununua kipande cha ardhi, anarudi kwa ndugu aliowaacha zamani, analala jikoni kwa shemeji yake na kuitwa mgeni.

Yuko mjane aliyeambiwa baada ya matanga kwamba shamba ni la ukoo na yeye si wa ukoo huo tena. Ziko familia zilizoondolewa katika msitu wa Maasai Mau, kaunti jirani ya Narok, mwaka 2018 na 2019. Serikali ilieleza kwamba msitu huo ni chemchemi ya mito, ukiwemo mto Mara, na lazima ulindwe. Familia nazo zilijikuta nje, nyingine zikiwa na stakabadhi za ardhi zilizoziamini kuwa halali. Wako pia wale ambao maisha yao hayakurudi sawasawa tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwafukuza zaidi ya 600,000 makwao. Mpaka wa Sotik na Borabu uliungua wakati huo, na waliopoteza nyumba walikuwa pande zote mbili. Na yuko kijana anayelala kwenye kibaraza cha duka la nafaka na kuamka kabla ya alfajiri ili asionekane.

Kujificha huko kuna maana. Huku mtu akijitambulisha hutaja ukoo wake na kokwet yake. Kukosa makao ni kukosa jibu la swali ambalo kila mzee huuliza kwanza. Kwa hiyo picha moja ya mtu amelala chini, ikiingia katika kundi la WhatsApp saa tatu asubuhi, kufikia adhuhuri imewafikia shangazi zake Litein, wanawe Nairobi na waliosoma naye shule. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kupiga picha halalii kitanda hicho, naye asijipe ruhusa ya kukifunua mbele ya watu.

Picha ya Nipomo

Mwezi Machi mwaka 1936, huko Nipomo katika jimbo la California, Marekani, mpiga picha Dorothea Lange alisimama kwenye kambi ya vibarua wa mashambani waliokuwa wamekwama bila kazi kwa sababu mazao yalikuwa yameharibika. Lange hakuwa mpiga picha wa gazeti. Alikuwa ameajiriwa na idara ya serikali, kazi yake ikiwa kuwaonyesha wananchi hali ya watu wa mashambani. Yaani alifanya kazi ile ile ambayo vijana wengi waliokaa hapa wangependa kuifanya.

Alimkuta mama wa miaka 32 chini ya turubai na watoto wake. Alipiga picha chache kwa muda mfupi, akaondoka. Hakuuliza jina. Picha mojawapo ikawa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani. Habari ya kambi ile ilipochapishwa, serikali ilipeleka chakula cha takriban tani tisa. Wengi walikula. Lakini mama yule na watoto wake walikuwa wamekwisha kuhama.

Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baadaye, alipojitokeza mwenyewe. Alisema angetamani picha ile isingepigwa. Hakupata hata senti moja kutokana nayo, wala hakuna aliyekuwa amemuuliza jina.

Wapo watakaosema picha ile ilisaidia, na ni kweli. Chakula kilifika. Lakini mtu ambaye uso wake ulikileta hakukila, kwa sababu aliyeuchukua uso huo hakuchukua jina wala hakuuliza familia inaelekea wapi. Maswali mawili tu yangetosha kumtafuta.

Kisichoonekana kwenye picha

Sasa turudi Ndanai, kwa mfano wa mzee wa miaka 72 anayelala katika stoo iliyoachwa nyuma ya soko. Kijana akimpiga picha, ataonyesha gunia analojifunika, viatu vilivyochanika, na mvua inayopenya kwenye bati. Picha itasema mzee anahitaji blanketi. Msamaria atalileta, na usiku huo mzee atalala vizuri kidogo. Baada ya miezi miwili atakuwa palepale, na blanketi limechakaa.

Kijana mwingine anakuja bila kutoa simu mfukoni. Anasalimia, anakaa kwenye jiwe, anauliza mzee alikuwa akiishi wapi zamani. Mzee anaeleza, polepole, kwamba nyumba yake iliungua na kitambulisho chake cha taifa kikaungua ndani yake. Hapo ndipo shida inapoonekana. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kila mwezi, lakini usajili huanza na kitambulisho. Bila hicho mzee huyu hayumo katika orodha yoyote. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kumpeleka kwa chifu na ofisi ya usajili wa watu, na nauli ya kwenda na kurudi.

Kwa mjane mambo ni hayo hayo. Picha itaonyesha kibanda chake. Mazungumzo yatafichua kwamba mirathi ya mumewe haijawahi kufunguliwa, na kwamba hatua ya kwanza ni barua ya chifu inayowataja warithi wote, yeye akiwemo. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi uondolewe. Mama huyo huenda hajui hayo. Mhudumu wa afya ya jamii aliyemsikiliza hadi mwisho anaweza kumweleza, au kumpeleka kwa anayejua.

Hii ndiyo sababu ya kusikiliza kwanza. Jicho huona kilichochanika. Sikio ndilo linalojua kilichopotea.

Watu wa huku wana ushahidi wa karibu kuhusu nguvu ya masimulizi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa Talai katika nchi ya Wakipsigis. Familia nzima nzima, wazee na watoto, zilipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye malaria na mbung'o, na wengi walifia huko. Waliobaki walirudi karibu na wakati wa uhuru na kukuta hawana ardhi. Kwa miongo mingi kumbukumbu ya safari ile ilikaa vinywani mwa wazee. Masimulizi hayo yalipoandikwa na kuwekwa pamoja na nyaraka za wakoloni, yaliweza kwenda mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo uamuzi wake wa mwaka 2019 ulitambua dhuluma walizotendewa Wakipsigis na Talai. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa nao walizungumzia suala hilo. Maneno ya mzee aliyekaa chini ya mti, yakisikilizwa vizuri na kuandikwa vizuri, yalifika mbali kiasi hicho.

Sheria inasemaje?

Adabu peke yake ingetosha, lakini iko na sheria. Katiba, Kifungu cha 28, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake. Kifungu cha 43 kinataja haki ya makao yanayofaa. Haki hizo hazipungui kwa sababu mtu analala nje. Aliyekosa mlango wa kufunga ndiye anayehitaji zaidi faragha ambayo wengine hupewa na ukuta.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi. Inataka ridhaa yake, na inampa haki ya kuiondoa ridhaa hiyo baadaye. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Vijana wenye kurasa zao za Facebook wasidhani sheria hii ni ya wakubwa tu. Na iko pia Sheria ya mwaka 2012 inayohusu ulinzi wa wakimbizi wa ndani na msaada kwao. Aliyefukuzwa kwake na ghasia au mafuriko ana haki zilizoandikwa.

Namna ya kufanya

Kwanza, nenda na mtu anayefahamika pale: mzee wa kokwet, mhudumu wa afya ya jamii, au mama wa kanisani. Usiende na msafara. Watu saba wakimzunguka mtu mmoja, hata wakiwa wema, wanafanana na wanaokuja kumkamata.

Pili, acha kamera ndani ya mkoba. Salimia kama unavyomsalimia mtu wa rika lake nyumbani kwenu. Mzee ni mzee hata akiwa amelala kwenye gunia, na mama aliyekaa nje ya kibanda ndiye mwenye mji. Subiri akukaribishe. Akikuonyesha kigoda au jiwe, kaa. Zungumza kwa lugha anayoielewa vizuri. Wadi hii iko karibu na mipaka, na si kila mtu atajieleza kwa raha kwa Kikipsigis au kwa Kiswahili.

Tatu, uliza jina lake na namna anavyopenda kuitwa. Kisha jitambulishe: unaitwa nani, unatoka kwa nani, umetumwa na nani. Yeye pia ana haki ya kujua kokwet yako.

Nne, chagua maswali. Swali la "Kwa nini unalala hapa?" lina harufu ya lawama. "Kabla ya hapa ulikuwa ukikaa wapi?" humrudisha mahali alipokuwa na mlango wake. Kutoka hapo ataeleza mwenyewe safari yote. Uliza anajuana na nani jirani, anakula wapi, akiugua huenda wapi, ana karatasi gani na zipi zimepotea. Akinyamaza, nyamaza naye. Usiwahi kujaza kimya chake kwa swali jingine. Akilia, usitafute simu. Ukimaliza, msomee uliyoyaandika, akusahihishe.

Tano, ndipo uombe picha. Mweleze itaenda wapi: kwenye ubao wa chifu, kwenye jarida la kaunti, au kwenye mtandao ambako haitarudi tena mikononi mwa mtu. Mwambie wazi kwamba akikataa, msaada wowote uliokusudiwa utamfikia vilevile. Aliye na njaa hukubali kila kitu, kwa hiyo rudi siku nyingine umuulize mara ya pili. Jibu la pili ndilo la kushika.

Sita, ukishakubaliwa, shuka hadi usawa wa macho yake. Usimpige kutoka juu kama mtu anayetazama ndani ya shimo. Usimpige amelala, amelewa au anaoga. Kama hataki uso wake uonekane, piga mikono yake ikifanya kazi, piga sufuria na mafiga, piga mlango aliojitengenezea. Kwa mtoto, usionyeshe uso wala sare ya shule. Kwa mama aliyekimbia kipigo, usionyeshe mlima, kibao cha duka wala chochote kitakachomwonyesha aliyemkimbia mahali alipo. Katika maelezo ya picha, neno "chokoraa" lisiwepo. Aliyepigwa picha ana jina, au, akitaka lifichwe, ana umri, kazi aliyoifanya na mahali alipotoka.

Saba, rudi. Mpelekee nakala ya picha iliyochapishwa kwenye karatasi nzuri. Wengi waliounguliwa au kufukuzwa hawana hata picha moja ya nafsi zao, na huenda hiyo ikawa ya kwanza.

Kuhusu picha za kukabidhi

Yapo malalamiko ya wananchi kuhusu picha za ofisi zote, za kaunti na za kitaifa: unga wa kilo mbili hushikwa na mikono minane mpaka mpiga picha aseme imetosha. Malalamiko hayo ni ya haki. Hesabu ya fedha za umma lazima ionekane, na mwananchi ana haki ya kujua blanketi ngapi zilinunuliwa na zilifika wapi. Lakini hesabu hiyo yaweza kuonyeshwa kwa picha ya marobota yakipakuliwa, orodha iliyotiwa sahihi na ghala lililojaa. Haihitaji uso wa mjane akishukuru. Mwenye kupokea apokee kwanza, aende zake, na kamera itafute kazi nyingine.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 2009 mpiga picha Boniface Mwangi alianzisha maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Picha za ghasia za uchaguzi zilizunguka mijini, zikawekwa barabarani, mbele ya watu walewale walioyapitia mambo hayo. Watu walisimama, wakatazama, wakazungumza kuhusu amani. Picha zilirudi kwa wenyewe. Hilo linawezekana pia katika uwanja wa Ndanai siku ya soko, mradi waliomo ndani ya picha wameridhia, na wao wawe wa kwanza kuziona.

Kwa kumalizia

Kazi hii haihitaji kamera ya bei kubwa. Inahitaji daftari, kalamu na muda. Kila atakayetoka hapa leo atamani kurudi kwake na majina matatu kabla ya kurudi na picha moja. Pembeni ya kila jina aandike mambo mawili: mtu huyu alikuwa akiishi wapi, na ni karatasi, ruhusa au msaada gani unaomzuia asipate pa kulala. Orodha hiyo ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, kwa chifu, na kwa afisa wa watoto pale panapohusu mtoto. Isiwekwe katika kundi lolote la WhatsApp.

Baadhi ya majina hayatapata jibu upesi. Suala la ardhi halimalizwi na barua moja, na nyumba haijengwi kwa mazungumzo. Lakini mzee wa stoo akipata kitambulisho, atakuwa na shilingi 2,000 mwezi ujao na mwezi unaofuata, na jina lake litakuwa katika orodha. Akihama, atatafutwa kwa jina hilo.